Paka aliyerudishwa baada ya siku tisa: je, tumchukue?

"Daktari, mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka mitano na tisa, nami nina ujauzito wa miezi minne. Tulikwenda kwenye kituo cha hisani kinachookoa paka tukiwa tumekusudia kuchukua kitoto. Vilikuwepo vitoto viwili vya wiki tisa, vichangamfu kweli, lakini mhudumu akatuelekeza kwa paka jike wa miaka minne ambaye mmiliki wake alifariki. Alikuwa amejikunyata nyuma ya kizimba na hakututazama hata mara moja. Tukaambiwa kuna familia iliyowahi kumchukua ikamrudisha baada ya siku tisa, kwa sababu alishinda chini ya kitanda. Isitoshe, kituo kinataka ada, kinataka barua ya mwenye nyumba, na kinataka kuja kuona tunapoishi, kana kwamba sisi ndio tunaoomba msaada. Mama mkwe naye anasema paka huharibu mimba. Je, paka mzima aliyekataliwa anaweza kutuzoea, au tuchukue kitoto tukilee wenyewe? Na hilo la mimba ni kweli?"

Dada, umeuliza maswali kadhaa kwa pamoja, nami nitaanza na la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine, na kwa kuwa mama mkwe wako hajakosea kabisa.

Anachokiogopa, hata kama hakijui kwa jina, ni kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Kimelea hiki hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa paka na wanyama wa jamii yake tu, ndiyo maana lawama zote humwangukia paka. Hukipata anapokula panya, ndege au nyama mbichi iliyo nacho, kisha kwa wiki moja hadi tatu hutoa vijiyai vyake kwa wingi pamoja na kinyesi. Baada ya hapo mwili wake hujenga kinga, na kwa kawaida hatoi tena, au hutoa kwa nadra sana. Kwa hiyo, ajabu ni kwamba paka aliyewahi kuambukizwa zamani ndiye asiye na hatari kubwa leo. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba vijiyai hivyo haviwezi kuambukiza mara tu vinapotoka. Huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo vikomae. Kinyesi kilichozolewa siku ile ile karibu hakina madhara, ilhali kilichoachwa wiki nzima, au udongo wa bustani ambamo paka wasiojulikana hujisaidia, ndio wa kuogopwa. Kumpapasa paka si njia ya kawaida ya kuambukizwa. Watu wengi huambukizwa kwa nyama ambayo haikuiva vizuri, kwa mboga na matunda yasiyooshwa, na kwa mikono yenye udongo.

Madhara kwa mimba hutokea hasa pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kwa sababu mwili wake bado hauna kingamwili na kimelea huweza kupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akapata madhara ya macho na ubongo. Mwanamke aliyeambukizwa miaka mingi kabla ya kushika mimba kwa kawaida huwa na kinga inayomlinda mtoto. Kwa hiyo kabla hujarudi kituoni, nenda kliniki ya wajawazito ukaombe kipimo cha damu kinachoonyesha kama umewahi kuambukizwa.

Hapa lazima niseme ukweli wote, ingawa hamu yangu ni kuona paka wakipata makao. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, yaani CDC, huwashauri wajawazito wasichukue paka mpya wakati wa ujauzito, na wasishikeshike paka wa mitaani, hasa wachanga. Haisemi kwamba aliyekuwa na paka amfukuze akishika mimba, na mkanganyiko huo umewaponza paka wengi wasio na hatia. Ila wewe bado huna paka, na ushauri huo unakuhusu moja kwa moja. Kipimo kikionyesha kwamba una kinga ya zamani, mimi sioni kizuizi. Kikionyesha kwamba hujawahi kuambukizwa, daktari wako wa kliniki ndiye mwenye neno la mwisho, na kusubiri hadi ujifungue hakutakuwa kushindwa. Vitoto vile viwili ningeviondoa kabisa kwenye mjadala kwa kipindi hiki, kwa kuwa paka wachanga ndio walio katika umri wa kuambukizwa kwa mara ya kwanza na kutoa vijiyai. Paka wa miaka minne aliyeishi ndani ya nyumba, akalishwa chakula kilichopikwa au kutengenezwa kiwandani, na hakuwa mwindaji, yuko mbali zaidi na hatari hiyo. Mwulize mhudumu kama ndivyo alivyoishi.

Na akija ungali mjamzito, kuzoa mchanga anaojisaidia uwe kazi ya mume wako, kila siku, bila kuruka. Ikitokea siku ambayo hapana budi uuguse wewe, vaa glavu kisha nawa kwa sabuni. Asilishwe nyama mbichi, na asitoke nje kuwinda.

Sasa tuje kwa paka mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee, na wengi huubeba msemo huo hadi mlangoni pa kituo cha kuokoa paka wakiamini kwamba kitoto kitakunjika watakavyo. Tatizo ni kwamba paka hukunjwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Kipindi ambacho kitoto hujifunza kwamba binadamu si adui huanza karibu na wiki ya pili ya maisha na hufifia kuanzia wiki ya saba hivi. Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple nchini Marekani alilifanyia kazi jambo hili katika miaka ya 1980, akishikisha vitoto mikononi kwa umri tofauti na kuona walioshikwa mapema wakiwaendea watu kwa urahisi zaidi. Vile vya wiki tisa ulivyoviona vimeshakunjwa tayari, na aliyevikunja ni mhudumu wa kituo au yeyote aliyekuwa navyo kabla yake. Zaidi ya hayo, kuna urithi. Mwaka 1995 Sandra McCune alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa paka dume mwenye urafiki huelekea kuwa wajasiri na wenye urafiki, hata pale baba huyo asiposhiriki kuwalea. Nani anamjua baba wa kitoto kilichookotwa? Tabia zao halisi hujitokeza baada ya kupevuka, kati ya mwaka mmoja na mitatu, na hadi hapo umenunua mbuzi kwenye gunia. Gunia linaweza kuwa na mbuzi mzuri sana, sikatai.

Paka mzima anajulikana. Ukubwa wake ndio huo, afya yake imekwisha kupimwa, na kuna watu wanaoweza kukueleza kama alilala kitandani kwa mwenyewe au aliwakimbia wageni. Swali pekee ni kama yule uliyemwona kwenye kizimba ndiye paka halisi, na jibu langu ni kwamba karibu hakika siye.

Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake ni mawindo pia, na mwili wake haujawahi kusahau nusu hiyo ya pili. Akiogopa hukimbia, akishindwa kukimbia hujificha, na akikosa pa kujificha hupigana. Ndani ya kizimba hana pa kukimbilia, kwa hiyo hujikunja kwenye kona, hukazia macho ukuta na kuifanya dunia isiwepo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walichapisha jaribio ambapo baadhi ya paka waliowasili kituoni walipewa kisanduku cha kujifichia na wengine hawakupewa. Waliopewa walitulia mapema zaidi kuliko wenzao. Kujificha, basi, ni dawa anayojitibu nayo. Ukimnyima umemnyima matibabu.

Kisha kuna suala la harufu, ambalo sisi wenye pua butu hatulipi uzito unaostahili. Paka huijua nyumba yake kwa harufu aliyoipaka mwenyewe: anaposugua shavu kwenye mguu wa meza au kwenye ugoko wako, anaandika "hapa ni kwetu". Paka huyu alikuwa na miaka minne ya maandishi hayo. Mwenyewe akafariki, na kwa siku moja akapoteza mtu na ramani nzima. Akaingia kwenye kizimba chenye harufu ya dawa na ya paka wageni. Alipoanza kukizoea akapelekwa kwenye nyumba mpya. Na baada ya siku tisa akarudishwa. Wahudumu wa vituo wana kanuni yao ya kukumbuka: siku tatu za hofu, wiki tatu za kuzoea utaratibu, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Si sheria ya kisayansi, na nimeona paka waliomaliza safari hiyo kwa saa mbili na wengine kwa mwaka, lakini inatosha kukuonyesha kwamba siku tisa chini ya kitanda si kasoro ya paka. Familia ile siwahukumu. Pengine hawakuambiwa.

Mimi mwenyewe nimewahi kukosa subira, tena bila kisingizio. Miaka mingi iliyopita nilimchukua paka dume mwenye jicho moja kutoka kituo cha hisani, akakaa nyuma ya kabati la nguo siku tatu mfululizo. Siku ya nne mimi, daktari wa wanyama mwenye cheti ukutani, nilinyoosha mkono nikamvuta. Nilitoka na matundu manne ya meno kwenye kidole gumba na kozi ya antibayotiki, naye akarudi nyuma ya kabati kwa siku nyingine kumi. Kisha usiku mmoja nikiwa nimekaa sakafuni nikisoma, taa ikiwa hafifu, nikahisi kitu chenye ubaridi na unyevu kikigusa kisigino changu, kikaondoka, kikagusa tena. Sikugeuka. Wiki iliyofuata alikuwa akilala juu ya viatu vyangu.

Mkimchukua, mpeni chumba kimoja kidogo kwa siku za kwanza, si nyumba nzima. Wekeni humo kisanduku chenye kitambaa, beseni la mchanga kwenye kona moja, na chakula na maji kwenye kona ya mbali nalo, kwa sababu paka hapendi kula karibu na choo, na baadhi hukataa kimoja kati ya hivyo viwili vikikaribiana. Mchanga uwe wa aina ile ile aliyozoea kituoni. Kama kitanda ni kirefu na uvungu wake ni mkubwa, uzibeni kabla hajafika na kumwachia kisanduku. Aliyejificha kwenye kisanduku hutazama mlango na huwasikia mkiongea, bali aliye kwenye pembe ya giza ya uvungu hajifunzi chochote kuhusu ninyi. Kisha kaeni chini, mmoja mmoja, bila kumtafuta kwa macho. Mtoto wa miaka tisa anaweza kumsomea kitabu kwa sauti ya chini, kazi ambayo watoto huichukulia kwa uzito mkubwa kuliko tunavyotarajia. Wa miaka mitano mpeni jukumu la kumrushia kipande kidogo cha chakula kisha kuondoka. Kuondoka ndiko kunakomjenga paka imani, na ndiko kunakomshinda mtoto, kwa hiyo mkubwa awepo wakati wote. Akiwatazama, fumbeni macho polepole na kuyafumbua polepole. Si uchawi: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walionyesha kwamba paka hujibu ufumbaji huo kwa kufumba vilevile, na humsogelea zaidi mgeni aliyefanya hivyo.

Maendeleo yatakuja kimyakimya, na msipojua pa kutazama mtadhani hakuna kitu. Bakuli likikutwa tupu asubuhi, mchanga ukiwa na alama za kufukuliwa, manyoya yakiwa yamelambwa yakalala badala ya kusimama vishungivishungi, na yeye akiwa ameugeukia mlango badala ya ukuta, basi mambo yanaenda. Ni baada ya hapo tu mlango wa chumba uachwe wazi, naye aamue saa ya kutoka.

Hata hivyo subira ina mpaka, na mpaka huo ni tumbo. Paka asiyekula hawezi kuachwa "mpaka atakapozoea". Anapokaa na njaa, mwili wake huvunja mafuta kwa haraka kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, ini hujaa mafuta, na hali hiyo inaweza kumuua. Walio wanene ndio walio hatarini zaidi. Akimaliza saa 24 bila kugusa chakula, pigieni kituo na daktari wa wanyama. Akifika saa 48, mpelekeni, hata kama kumtia kwenye kikapu cha kubebea kutamrudisha nyuma wiki nzima. Mpelekeni siku hiyo hiyo pia akienda mara kwa mara kwenye mchanga bila kutoa mkojo, au akipumua mdomo wazi. Akianza kupiga chafya na kutokwa na machozi mazito wiki moja hivi baada ya kuhamia, msishtuke kupita kiasi wala msipuuze: paka wengi hubeba virusi vya hepesi vya paka, ambavyo hulala mwilini na kuamka wakati wa msongo. Havimwambukizi binadamu, lakini mwenye navyo huhitaji kuchunguzwa, hasa akiacha kula kwa kuwa pua imeziba na hanusi chakula. Kamwe msimpe parasetamo. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua paka. Na akimng'ata mtoto, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali hata kama tundu ni dogo, kwa sababu jino la paka ni jembamba na huacha vijidudu ndani kabisa, na kwa sababu suala la kichaa cha mbwa linapaswa kuamuliwa na mtaalamu.

Kuhusu ada na maswali, naelewa ulivyojisikia, lakini jaribu kuyatazama kutoka upande wa pili wa meza. Paka mzima anayetoka kwenye kituo makini huwa amefungwa kizazi, amechanjwa dhidi ya panlukopenia, ugonjwa hatari wa virusi vya paka, na mafua ya paka, amepewa dawa ya minyoo na viroboto, na mara nyingi amepimwa virusi vya lukemia ya paka na vile vya upungufu wa kinga vya paka, ambavyo vyote viwili havimwambukizi binadamu. Huduma hizo ukizilipia mwenyewe kliniki, moja moja, kwa kawaida gharama yake itazidi ada ile, na kwa kitoto utaanza nazo karibu zote, maana chanjo zake hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Barua ya mwenye nyumba inadaiwa kwa kuwa paka wengi hurudishwa mwenye nyumba anapogundua. Ziara ya nyumbani hutazama madirisha yasiyo na wavu kuliko inavyotazama samani. Kituo ambacho hakiulizi chochote, kinachokukabidhi paka ndani ya dakika tano bila karatasi ya chanjo, hicho ndicho ningekikwepa.

Na ninyi mna haki ya kuuliza. Ombeni kuona kumbukumbu zake za matibabu. Ulizeni alikula kiasi gani katika zile siku tisa, alikaa chumba gani, na kama nyumba ile ilikuwa na mbwa au watoto wadogo. Jibu likiwa kwamba aliwahi kuishi na watoto bila shida, mashaka yangu mengi yanakwisha. Likiwa kwamba amewahi kumrukia mtoto akakimbizwa hospitali, hapo ningesema hapana, kwa ajili ya wanao na kwa ajili yake. Ulizeni pia kama mnaweza kumchukua kwa ulezi wa muda kwanza, au kama kituo kitamhifadhi hadi ujifungue, maana baadhi ya vituo hukubali kwa paka ambaye watu hawamkimbilii. Mkisubiri, msimlete wiki ile ile ya kurudi na mtoto mchanga. Acheni nyumba itulie miezi miwili au mitatu.

Mambo yote yakikaa sawa na siku ya kumchukua ikafika, mwombe mhudumu kitambaa ambacho paka amekuwa akikilalia kizimbani. Kitakuwa kimejaa manyoya na kitanuka. Kitieni kwenye kikapu cha kubebea, kisha kwenye kisanduku chake nyumbani, na msikifue hadi muone ameanza kusugua shavu lake kwenye kitu kingine humo ndani.